Skripti nyingi, hifadhidata moja: unachoshiriki ni nini hasa?

Mfumo huanza na skripti moja. Inafungua muunganisho na hifadhidata kwenye mistari yake ya juu, inafanya kazi yake, inaisha. Baadaye inakuja ya pili ya kupokea oda, ya tatu ya kutuma barua pepe usiku, ya nne ya kuandaa ripoti, na zote zimenakili ile mistari ya juu ya skripti ya kwanza: jina la seva, poti, jina la mtumiaji, nenosiri. Siku nenosiri likibadilishwa, skripti tatu zinarekebishwa na ya nne inasahaulika. Siku watumiaji wakiongezeka, PostgreSQL inajibu "sorry, too many clients already", au MySQL inajibu "Too many connections", na hakuna anayejua ni skripti ipi iliyojaza nafasi.

Hapo ndipo swali linapoulizwa: nifanyeje ili skripti zangu zote zitumie muunganisho mmoja?

Swali hilo lina maswali matatu ndani yake, na majibu yake hayafanani. Kushiriki maelezo ya jinsi ya kuunganisha: ndiyo, na ni lazima. Kushiriki muunganisho wenyewe kati ya sehemu mbalimbali za programu moja inayoendeshwa: ndiyo, kwa utaratibu. Kushiriki muunganisho mmoja kati ya programu mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja: hapana, na anayelazimisha ataharibu data. Mijadala mingi kuhusu jambo hili haifiki popote kwa sababu mmoja anaulizia la kwanza na mwenzake anamjibu la tatu. Tuyatenganishe.

Kinachofunguliwa ukifungua muunganisho

Ukiandika `new PDO(...)` kwenye PHP au `psycopg2.connect(...)` kwenye Python, kwa nje ni mstari mmoja tu. Kwa ndani, kompyuta mbili zinaanza kwa kusalimiana kwa TCP. Kama mawasiliano yanalindwa kwa TLS, zinakubaliana funguo za usimbaji. Kisha nenosiri linahakikiwa. PostgreSQL, tangu toleo la 10 la mwaka 2017, ina utaratibu wa SCRAM-SHA-256 ambao kwa kawaida hulipitisha nenosiri kwenye hesabu ileile mara 4096, makusudi, ili anayejaribu kulibahatisha achelewe. Juu ya yote hayo PostgreSQL inazaa mchakato mzima (programu inayoendeshwa ikiwa na kumbukumbu yake) kwenye mfumo endeshi kwa ajili ya mteja huyo mmoja. MySQL inampa uzi (mkondo wa kazi ndani ya mchakato uliopo) badala ya mchakato. Uzi ni mwepesi zaidi, ila nao una kumbukumbu yake inayoliwa.

Ndiyo maana nafasi zina kikomo. PostgreSQL huja na `max_connections` ya 100, na 3 kati ya hizo zimetengewa msimamizi mkuu, kwa hiyo programu zako zote kwa pamoja zina 97. MySQL huja na 151, na moja ya ziada kwa msimamizi. Namba hizi zinaweza kupandishwa, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hulifanya. Likifanywa peke yake halisaidii kitu cha kudumu. Seva yenye viini 8 vya kichakataji haiwezi kutekeleza maswali 500 kwa mpigo. Inayapokezana, na kule kupokezana kunakula muda ambao ungetumika kuyajibu.

Gharama ya kufungua, hata hivyo, si sehemu muhimu zaidi. Muhimu zaidi ni kwamba kila muunganisho una hali yake, na hali hiyo inatunzwa upande wa seva. Seva inakumbuka kama kuna muamala (kundi la maswali linalokamilika lote au kubatilishwa lote) ulioanza na haujaisha, makufuli uliyoshika, majedwali ya muda uliyounda, na kila mpangilio uliouweka kwa `SET`, kuanzia saa za eneo hadi `search_path`. Ni sawa na simu iliyo hewani: wa upande wa pili anakumbuka mlipofikia, na hana njia ya kujua kwamba aliyeishika simu sasa ni mtu mwingine. Karibu kila hitilafu nitakayoieleza hapa chini inatokana na hilo.

Maelezo yakae mahali pamoja

Hili ni jepesi. Jina la seva, poti, mtumiaji, nenosiri na jina la hifadhidata visionekane ndani ya skripti yoyote. Viwekwe kwenye vigeu vya mazingira au kwenye faili moja ya mipangilio, nje ya folda inayofikiwa kupitia wavuti na nje ya Git. PostgreSQL ina njia yake nzuri ambayo haitumiki inavyostahili: faili ya `pg_service.conf` inabeba maelezo ya seva, na `.pgpass` inabeba nenosiri. Ruhusa za `.pgpass` ziwe 0600, la sivyo libpq, maktaba ya PostgreSQL ya upande wa mteja, itaipuuza. Ukishaziweka, skripti ya Python, ya Bash na ya PHP zote zinaunganisha kwa kutaja jina la huduma tu.

Ongeza jambo moja hapohapo: kila skripti ijitambulishe. PostgreSQL inapokea `application_name` kwenye maelezo ya muunganisho. Skripti ya ripoti ijiite `ripoti_usiku`, ya oda ijiite `pokea_oda`. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo itakayokuokoa siku nafasi zikijaa na unatakiwa kujua ni nani aliyezijaza.

Ndani ya programu moja

Skripti moja mara nyingi ni faili nyingi. Faili ya oda inaita faili ya bidhaa, ya bidhaa inaita ya bei, na kila moja inahitaji hifadhidata. Hapa unaweza kushiriki muunganisho wenyewe, kwa sababu zote zinaendeshwa ndani ya mchakato mmoja, moja baada ya nyingine.

Kwenye PHP, funksheni fupi inatosha:

```
function hifadhidata(): PDO {
    static $muunganisho = null;
    if ($muunganisho === null) {
        $muunganisho = new PDO(
            getenv('DB_DSN'),
            getenv('DB_USER'),
            getenv('DB_PASS')
        );
    }
    return $muunganisho;
}
```

Iweke kwenye `db.php`, iite kwa `require_once`, na kila faili itakayoita `hifadhidata()` itapata muunganisho uleule. Angalia kwamba hakuna kinachofunguliwa mpaka mtu aombe. Ukurasa usiogusa data haugusi seva. Faili nyingi za `db.php` zinazosambaa mtandaoni hufungua muunganisho pale tu zinapoitwa, na kwa hiyo hata ukurasa wa maelezo usio na data yoyote unachukua nafasi moja kati ya zile 97.

Python inafanya jambo hilohilo kwa moduli. Moduli hupakiwa mara moja tu kwa kila mchakato, kwa hiyo kitu kilichoundwa ndani ya `db.py` kitakuwa kilekile kwa kila faili inayoiita. Urahisi huo una mtego wake, nitaufikia.

Swali gumu zaidi hapa ni la umiliki. Chukua mfano wa oda. Funksheni ya kuhifadhi oda inaanza muamala, inaandika oda, kisha inaita funksheni nyingine ya kupunguza idadi ya bidhaa ghalani. Kama ile ya pili inafungua muunganisho wake yenyewe, haioni oda iliyoandikwa sekunde hiyohiyo, kwa sababu muamala wa kwanza haujakamilishwa kwa `COMMIT`. Mbaya zaidi, kama ya kwanza tayari imeufunga mstari wa bidhaa ile kwa kufuli, ya pili itasubiri kufuli liachiwe, na ya kwanza inaisubiri ya pili imalize. Hifadhidata inaona kusubiri kwa upande mmoja tu, kwa sababu kule kwingine kunatokea ndani ya programu yako. Kwa hiyo haiwezi kutambua kwamba zimekwama. Zitakaa hivyo mpaka muda wa kikomo ufike, na kama hukuweka kikomo, zitakaa mpaka mtu aamke.

Na kama zinashiriki muunganisho mmoja, hatari inageuka upande. Funksheni ya kupunguza bidhaa ikiita `COMMIT` baada ya kazi yake, imekamilisha na muamala wa mwenzake bila idhini. Malipo yakishindikana baada ya hapo, `ROLLBACK` haina tena cha kurudisha: oda ipo, bidhaa zimepungua, hela haikuingia.

Njia ninayoiamini ni kuupitisha muunganisho kama hoja ya funksheni: `punguza_bidhaa($muunganisho, $bidhaa, $idadi)`. Aliyeanza muamala ndiye anayeukamilisha au kuubatilisha, na aliyefungua muunganisho ndiye anayeufunga. Wengine wote wanautumia tu. Inaongeza maandishi kidogo, lakini mtu anayesoma funksheni anaona papo hapo kwamba inagusa hifadhidata, na anayeijaribu anaweza kuipa muunganisho wa majaribio. Kigeu cha jumla kinachofikiwa kutoka kila mahali kinaficha mambo hayo yote mawili.

Kati ya michakato, hapana

Sasa tuje kwenye lile la tatu. Una skripti mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, au skripti moja inayozaa michakato watoto ili igawane kazi. Je, inawezekana kufungua muunganisho mara moja na kuugawa?

Muunganisho ni soketi (ncha ya mawasiliano ya mtandao) inayomilikiwa na mchakato mmoja, pamoja na hali inayotunzwa ndani ya maktaba ya mteja. Huwezi kuuandika kwenye faili, wala kuuweka kwenye kipindi cha mtumiaji cha PHP na kuukuta kwenye ukurasa unaofuata. Watu hujaribu, na PHP huwajibu kwamba kitu cha aina ya PDO hakiwezi kugeuzwa maandishi ya kuhifadhiwa.

Kuzaa mchakato mtoto ndiko kunakodanganya, kwa sababu mwanzoni kunaonekana kufanya kazi. Mfumo endeshi wa jamii ya Unix unaponakili mchakato, mtoto anarithi soketi zote za mzazi. Wote wawili sasa wameshika soketi moja. Mzazi anatuma swali, mtoto anatuma lake, na majibu yanarudi kwenye bomba moja bila alama ya nani aliuliza nini. Mtoto anaweza kusoma jibu la mzazi. Kama kuna TLS, kila upande unaendelea kuhesabu ujumbe kivyake na hesabu zinapishana. Ndipo unapoona "decryption failed or bad record mac" na kuanza kulaumu vyeti vya usalama ambavyo havina kosa lolote. Na mtoto akimaliza kazi na kufunga muunganisho kwa adabu, maktaba inatuma kwa seva ujumbe wa kuaga. Seva inafunga. Mzazi, ambaye alikuwa katikati ya kazi, anaambiwa "server closed the connection unexpectedly".

Huu ndio mtego wa `db.py` niliouahidi. Muunganisho ulioundwa wakati moduli inapakiwa, kwenye programu inayoendeshwa na Gunicorn, seva ya programu za wavuti za Python, kwa chaguo la `--preload` (linalopakia programu kabla ya kuzaa michakato watoto), unaundwa kabla ya watoto kuzaliwa, na wote wanaurithi. Ukijaribu peke yako kwenye kompyuta yako, hakuna tatizo. Tatizo linaonekana watumiaji wawili wanapobofya kwa pamoja. Dawa ni kufungua muunganisho baada ya mtoto kuzaliwa, ndani yake. Kwa anayetumia SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kufanya kazi na hifadhidata, mtoto aite `engine.dispose(close=False)` kabla ya kazi yoyote: anaiacha miunganisho ya mzazi bila kuifunga, na anaanza na yake.

Nyuzi ndani ya mchakato mmoja zina afueni kidogo, lakini si kubwa. Maktaba kama psycopg2 huruhusu nyuzi nyingi kutumia muunganisho mmoja na huzipanga zisiingiliane. Hata hivyo muamala unabaki mmoja. Uzi mmoja ukiita `rollback()`, umefuta na kazi ya wenzake. Kila uzi upate muunganisho wake.

Akiba ya miunganisho, na hesabu inayosahaulika

Kama kila mchakato lazima uwe na muunganisho wake, na kufungua ni ghali, basi usiufunge: utunze, umpe anayefuata. Hiyo ndiyo akiba ya miunganisho. Maktaba nyingi zinayo ndani. HikariCP ya Java huja na akiba ya 10. SQLAlchemy huja na 5, na ruhusa ya kuongeza 10 za dharura.

Hapa ndipo hesabu huwaponyoka watu, kwa sababu akiba hiyo ni ya kila mchakato, si ya mfumo mzima. Una seva tatu za programu, kila moja ina michakato 8, kila mchakato unaweza kufikia miunganisho 15. Hiyo ni 3 × 8 × 15, yaani 360, mbele ya hifadhidata yenye nafasi 97. Siku za kawaida haifiki hapo, kwa hiyo hakuna anayeiona. Itafika siku ya shughuli nyingi, siku ambayo huna muda wa kusoma makala kama hii.

PHP ina akiba ya aina yake, muunganisho wa kudumu: `PDO::ATTR_PERSISTENT`, au herufi `p:` mbele ya jina la seva kwenye mysqli. Kila mchakato wa PHP-FPM, huduma inayoendesha skripti za PHP kwa ajili ya seva ya wavuti, unabaki na muunganisho wake hata ukurasa ukiisha. Idadi ya juu, kwa maelezo ya aina moja ya kuunganisha, ni `pm.max_children`, yaani idadi ya juu ya michakato hiyo, na hilo angalau linahesabika. Kinachonisumbua ni ile hali inayobaki upande wa seva. Ukurasa wa kwanza umeunda jedwali la muda au umebadilisha saa za eneo kwa `SET`. Ukurasa wa mtu mwingine kabisa unaurithi muunganisho na unakuta mabadiliko hayo. mysqli husafisha hali hiyo yenyewe kabla ya kuutoa muunganisho tena. PDO haifanyi usafi wa namna hiyo. Kama hifadhidata iko kwenye mashine ileile au mtandao wa karibu, mimi huanza bila miunganisho ya kudumu, na huiwasha pale tu vipimo vikionyesha kwamba muda unapotea kwenye kufungua.

Akiba iwe kubwa kiasi gani? Ndogo kuliko unavyodhani. Jumuiya ya PostgreSQL kwa miaka mingi imetumia kanuni ya kuanzia: idadi ya viini mara mbili, jumlisha idadi ya diski zinazosomwa kwa kweli. Seva ya viini 8 na diski moja inakupa 17. Kumi na saba, kwa mfumo mzima. Anayesikia namba hiyo mara ya kwanza huona kama atawanyima watu huduma, lakini swali la kawaida la kusoma mstari mmoja kwa faharasa huchukua milisekunde chache. Muunganisho mmoja unahudumia mamia ya maswali ya namna hiyo kwa sekunde. Foleni fupi mbele ya akiba ndogo hutembea haraka kuliko msongamano ndani ya hifadhidata.

Wa katikati

Akiba za ndani ya programu hazijuani. Skripti ya Python haiwezi kuazima kutoka akiba ya PHP. Ukitaka miunganisho michache ihudumie michakato mingi ya lugha tofauti, unaweka programu katikati ambayo kwa skripti zako inaonekana kama hifadhidata. Kwa PostgreSQL maarufu zaidi ni PgBouncer, iliyoanzia Skype mwaka 2007. Kwa MySQL kuna ProxySQL. Skripti zinaunganisha kwenye poti 6432 badala ya 5432, nyingine zote zinabaki kama zilivyo. Angalau kwa macho.

PgBouncer inagawa miunganisho kwa mitindo mitatu. Kwa mtindo wa kipindi, skripti inashika muunganisho wa seva mpaka itakapoondoka. Hali yote inabaki salama, lakini uokoaji ni mdogo, kwa sababu skripti inayolala bado imeshika. Kwa mtindo wa muamala, inashika kwa muda wa muamala mmoja tu, kisha muunganisho unakwenda kwa mwingine. Huu ndio unaoleta faida kubwa: mamia ya skripti juu ya miunganisho 20. Wa tatu, wa swali moja moja, unakataza miamala ya maswali mengi na wachache wanauhitaji.

Mtindo wa muamala unadai kitu kutoka kwako: usitegemee chochote kinachodumu zaidi ya muamala. `SET` ya kawaida itabaki kwenye muunganisho ambao sasa ni wa mtu mwingine. Tumia `SET LOCAL`, inayokufa pamoja na muamala. `LISTEN`, ya kusubiri taarifa kutoka hifadhidata, haitafanya kazi. Majedwali ya muda yaundwe na kufutwa ndani ya muamala uleule. Maswali yaliyotayarishwa mapema yalikuwa chanzo kikubwa cha makosa mpaka toleo la 1.21 la mwaka 2023, lililoleta `max_prepared_statements`.

Makufuli ya hiari ndiyo yanayoumiza kimyakimya. Skripti nyingi za usiku hujilinda zisiendeshwe mbili kwa pamoja kwa kuita `pg_try_advisory_lock`. Ni mbinu safi kabisa kwenye muunganisho wa moja kwa moja: skripti ikifa, muunganisho unakatika na kufuli linaachiwa lenyewe. Kupitia mtindo wa muamala, kufuli linabaki kwenye muunganisho wa seva ambao skripti yako haiushiki tena. Usiku unaofuata skripti inaambiwa kuna mwenzake anayeendelea, wakati hakuna. Skripti za namna hiyo ziunganishe moja kwa moja na poti 5432, zikiepuka wa katikati, au zitumie `pg_try_advisory_xact_lock` ndani ya muamala unaobeba kazi nzima, kama kazi yenyewe ni fupi.

Na jambo dogo ambalo hubadilisha hesabu: ukubwa wa akiba ya PgBouncer, 20 kwa kawaida, ni wa kila jozi ya mtumiaji na hifadhidata. Ukimpa kila skripti mtumiaji wake kwa ajili ya usalama, skripti kumi zina akiba kumi, na jumla yake ni 200. Usalama huo una maana na sishauri kuuacha. Punguza ukubwa wa kila akiba.

Anayeshika bila kutumia

Skripti ndefu hufungua muunganisho, husoma data, halafu hukaa dakika arobaini zikiongea na huduma nyingine ya mtandao kabla ya kurudi kuandika. MySQL huvumilia ukimya kwa sekunde 28800, yaani saa 8, kabla ya kukata. Wasimamizi wengi huishusha sana `wait_timeout`, mpangilio wa kikomo hicho, na ukuta wa moto wa katikati unaweza kukata mapema zaidi. Skripti ikirudi inakuta "MySQL server has gone away". Kuongeza muda wa kikomo ni kuahirisha. Funga muunganisho kabla ya subira, ufungue mwingine baada yake. Kwa skripti inayoendeshwa mara moja kwa saa, gharama ya kufungua tena haihesabiki. Kwa akiba za ndani ya programu, SQLAlchemy ina `pool_pre_ping`, inayojaribu muunganisho kabla ya kukukabidhi.

Kwa PostgreSQL tatizo lina sura mbaya zaidi. psycopg2 huanza muamala kimyakimya kwenye swali la kwanza, hata kama ni la kusoma tu. Usipoita `commit()` au `rollback()`, muunganisho unakaa katika hali ya `idle in transaction`. Haufanyi kazi, na bado unashikilia makufuli yake, na ukiachwa hivyo kwa saa nyingi unaweza kuizuia hifadhidata kusafisha mistari iliyokufa, majedwali yakavimba. Wengi hudhani `with conn:` inatosha. Inakamilisha muamala, ndiyo, lakini kwenye psycopg2 haifungi muunganisho. Kwenye psycopg 3 inafunga. Anayehama toleo moja kwenda jingine asome sehemu hiyo mara mbili. Na kwa upande wa seva, weka `idle_in_transaction_session_timeout`, iliyopo tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016. Dakika chache zinatosha kwa mifumo mingi.

SQLite niitaje kwa ufupi, kwa kuwa wengi huanza nayo. Haina seva; kila skripti inafungua faili yenyewe, na mwandishi ni mmoja tu kwa wakati. Washa WAL (mtindo wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya pembeni), iliyopo tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, ili wasomaji wasizuiwe na mwandishi, weka `busy_timeout` ya sekunde chache ili skripti isubiri badala ya kuanguka na "database is locked", na usiupitishe muunganisho kwa mchakato mtoto. Akiba na wa katikati hazihitajiki.

Pa kuanzia leo

Kabla ya kusakinisha chochote, uliza hifadhidata yenyewe:

```
SELECT application_name, state, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'mauzo'
GROUP BY application_name, state
ORDER BY count(*) DESC;
```

Kwa MySQL, `SHOW PROCESSLIST` inatoa picha inayokaribiana. Iendeshe saa za shughuli nyingi, si alfajiri. Mistari mingi ya `idle` kutoka programu moja ina maana akiba yake ni kubwa kuliko kazi yake, ipunguze. Mistari ya `idle in transaction` inayodumu ni kosa ndani ya msimbo, na `application_name` inakuambia faili ya kufungua. Mistari mingi ya `active` kwa muda mrefu haitokani na miunganisho hata kidogo: kuna maswali mazito, na PgBouncer haitayafanya mepesi, anza na `EXPLAIN`, inayoonyesha jinsi hifadhidata inavyotekeleza swali. Ukikuta mamia ya `idle` kutoka michakato mingi midogo, kila mmoja ukiwa na muunganisho mmoja au miwili, hapo ndipo wa katikati anapohitajika. Na kama jumla yote haizidi thelathini, acha skripti zako zifungue na kufunga kila moja kivyake, kwa maelezo yaliyo kwenye faili moja.